Nakala ya Lori la Baba

El Menia, 14 Januari

Kwa Kaka Belkheir, askari asiye na simu,

Salaam aleikum. Sisi wazima, mbuzi mzima, na Mama anakulilia kila akipika kuskusi kwa sababu siku hizi inabaki. Mimi silii. Mimi nakula fungu lako.

Barua yako ameileta dereva wa basi, inanuka dizeli. Nikasema leo nitasoma habari za bunduki. Kumbe kurasa mbili nzima za jinsi ya kunakili folda! Kaka, unanionaje? Ni kweli mimi na shule tuliachana kwa ugomvi, lakini hii kompyuta wewe ulikuwa unaibembeleza, mimi naiamrisha. Haya, nakurudishia masharti yako ujue nimesoma. Kila Ijumaa baada ya sala. Mchezo ufungwe kwanza. Folda ya Baba itoke ndani ya kompyuta iende kwenye flashi, ipewe tarehe yake. Za zamani zisifutwe. Na mtu yeyote, "hasa wewe Hamouda", asiguse lori la Baba.

Hasa mimi! Ahsante kwa heshima.

Bwana, najua kwamba Barabara ya Kiu si mchezo wa watoto. Dereva akifa kwa kiu, mchezo unafuta safari yote, unakurudisha kisima cha kwanza na gari bovu kama vile hukuwahi kuzaliwa. Ndiyo kazi ya flashi. Nimeelewa. Hata mbuzi ameelewa.

Baba anaendelea. Lori lake la kijani lina afya, ile taa ya kushoto bado imevunjika, kiriba cha maji kinaning'inia ubavuni kama kwenye lori lake la kweli aliloliuza. Anaendesha polepole mpaka ngamia wa humo wanampita na kumgeukia. Na lile tangi jeupe lenye kuba, unalikumbuka? Kila akienda kuchota maji analizunguka mara tatu, eti kama madereva wanavyozunguka kaburi la walii barabara ya Tamanrasset. Nikamwambia, "Baba, hili tangi, ndani hamna walii." Akanijibu, "Wewe uliingia ukaangalia?" Basi dizeli inateketea, na kwa kuwa mchezo huu haufuti alama za tairi, pale mchangani sasa pana duara kama sinia ya harusi.

Lala salama na buti zako.

Hamouda,
Waziri wa Flashi na Mambo ya Ijumaa


Kambini, kusini ya Tamanrasset, 30 Januari

Hamouda, mdogo wangu mwenye mdomo,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeipata nikiwa jikoni kambini namenya vitunguu. Nikacheka peke yangu, Koplo Mouloud akadhani nimechanganyikiwa. Akaninyang'anya, akaisoma kwa sauti mbele ya wote. Sasa nina taabu: bweni zima linataka kujua habari za Baba. Hapa hatuna simu, hatuna televisheni, tuna dengu na upepo. Jioni wanauliza, "Mzee amefika wapi?" Mmoja anasema Baba asiingie kwenye bonde la chumvi kabla ya kubadilisha klachi. Mwingine, kutoka Biskra, anasema ashushe upepo wa tairi. Wamegombana mpaka chai ikapoa.

Sasa nisikilize bila kucheka. Unakumbuka walipomnyima Baba leseni kwa ajili ya mguu wake na sukari? Alikaa kwenye kiti anatazama ukuta. Mama akimwekea chakula, anasema ahsante kwa ukuta. Nilipomwekea ule mchezo nilitaka tu ageuke upande mwingine. Akashika usukani wa plastiki, akapapasa pembeni akitafuta gia. Siku hiyo alikula.

Kwa hiyo hilo si gemu. Ndilo lori lake. Ameniahidi kwamba kipande cha mwisho, kutoka kwenye tangi mpaka baharini, hatakiendesha mpaka nirudi likizo ya Juni, tukae wote wawili. Wewe umebeba funguo tu. Usimwonyeshe rafiki yako Zoubir, usimwonyeshe mtu. Na nakala za zamani usizifute hata ukiambiwa na malaika.

Kaka yako,
Belkheir


El Menia, 13 Februari

Kaka wa vitunguu,

Mwambie Koplo wako nasema: msomaji mzuri asome na majina ya wenyewe, anitaje kwa cheo.

Habari kubwa: Baba amekwenda Ouargla kwa daktari wa miguu, Mama amemfuata. Watakaa kwa shangazi mpaka kidonda kifunge. Usishtuke, alitoka hapa akitembea na akimtukana dereva wa teksi kwa kubadilisha gia vibaya. Kabla ya kuondoka aliliegesha lori kando ya tangi, pua inatazama baharini, akalala ndani ya mchezo ili safari ihifadhiwe. Akaniambia, "Mlinde." Hakusema "lilinde". Amesema "mlinde", kama mtu.

Mimi nimebaki na Bibi. Bibi ananichunga, yaani analala.

Kaka yake Zoubir anaoa wiki hii na mimi ndiye bwana muziki. Nyimbo ni nyingi, kwa hiyo nimesafisha flashi kidogo tu. Usiwe na wasiwasi. Nakala ya karibuni ipo, inaitwa BABA, na kila Ijumaa naweka mpya juu yake. Kompyuta inauliza kama ibadilishe iliyopo, nabonyeza ndiyo, kwisha. Wewe na tarehe zako! Moja nzuri inatosha. Mtu ana moyo mmoja na anaishi.

Hamouda,
Waziri, na sasa Bwana Muziki


El Menia, 20 Februari

Kaka Belkheir mpendwa,

Salaam nyingi sana, na hali yako, na ya Koplo, na ya watu wa bweni wote. Mimi namshukuru Mungu. Hapa hakuna jipya. Kabisa.

Nina swali dogo. Si langu. Kuna rafiki yangu mmoja, humjui, wa upande ule wa mitende. Naye ana mchezo kama wetu. Dereva wake amekufa. Akataka kurudisha safari kutoka kwenye flashi, lakini mkono wake ukazoea, akainakili kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye flashi. Yaani iliyokufa ikaenda kukaa juu ya iliyo hai. Sasa anauliza, hivi ile iliyo hai iko mahali bado? Chini yake? Kama ukuta ukipakwa rangi mpya, ile ya zamani si iko ndani?

Nijibu haraka. Anasumbuka sana huyo rafiki. Hali chakula.

Hamouda


Kambini, 2 Machi

Hamouda,

Huyo rafiki yako ni punda, na salamu zangu umfikishie hivyo hivyo. Hapana. Mchezo huu unaandika juu yake hapo hapo, hamna rangi chini ya rangi. Kama angekuwa na nakala nyingine yenye tarehe angeokoka. Sasa afanye moja tu: amwendee mwenye safari, amwambie. Leo. Jambo la namna hii ukililaza, linaamka limekua.

Nawe acha ule mtindo wako wa moja inatosha, rudisha tarehe. Ila nakusifu kwa kutoruka Ijumaa, japo una domo. Nilikuwa na hofu nawe, sasa sina.

Hebu andika habari za Baba, na uandike kwa urefu! Barua yako ile ya mwisho Koplo aliisoma, akaigeuza nyuma, akasema, "Ndiyo hii tu? Lori liko wapi?" Watu wakarudi vitandani kama waliokosa futari. Baba amerudi kutoka Ouargla? Klachi je? Usiwanyime vijana, hapa upepo umevuma mfululizo, hata dengu zina mchanga.

Belkheir


El Menia, 11 Machi

Kwa Kaka Belkheir, kwa Koplo Mouloud, na kwa mabwana wote wa bweni,

Kaeni sawasawa, funikeni chai isiingie mchanga.

Baba amerudi kutoka Ouargla, kidonda kimefunga, amenenepa kwa mkate wa shangazi. Hata viatu hakuvua, akaniuliza, "Mzima?" Nikasema mzima. Akaketi, nikamwashia. Lori likatokea pale pale alipoliacha, kando ya tangi, kijani, taa ya kushoto imevunjika, kiriba ubavuni, pua inatazama baharini. Akalitazama muda mrefu. Nadhani furaha ilimzidi, kwa sababu hakusema kitu, ila, "Niletee chai." Nikamletea. Akanywa, akasema, "Umelitunza." Nami nikasema, "Mimi tena, Baba!"

Baada ya hapo, mabwana, ikaja tufani! Sikuwahi kuona. Mchanga mwekundu, kioo kizima hakionekani. Baba akafunga turubai, akashusha upepo wa tairi kama alivyosema yule bwana wa Tebessa, akageuza rejeta isielekee upepo. Maji yakabaki kikombe. Akayagawa na injini! Nusu yeye, nusu rejeta. Injini ikakohoa, ikakohoa, ikashika. Bibi aliamka akapiga vigelegele.

Ndivyo ilivyo. Nitaandika tena.

Hamouda, Waziri


Kambini, 24 Machi

Hamouda wangu,

Laiti ungekuwa hapa! Koplo alipofika kwenye kikombe cha maji aliacha kusoma, akatazama pembeni, akasema mchanga umemwingia machoni. Ndani ya bweni, mlango umefungwa. Yule wa Biskra (si Tebessa, lakini amekusamehe) ameruka juu ya kitanda kwa kuwa ushauri wake wa tairi umeokoa lori.

Wamefanya jambo. Wamenunua kitambaa cha kilemba, cha buluu, na kila mmoja ameshona jina lake kwenye ukingo kwa uzi mweupe. Mikono ya askari, mshono kama miguu ya kuku. Ni cha Baba, avae siku atakapofika baharini. Dereva wa basi ataleta.

Nami nilisimama mbele yao nikasema, "Huyu anayeandika ni mdogo wangu. Shule ilimtupa, lakini nimemwachia kitu kikubwa kuliko vyote nyumbani, na amekishika." Wakakupigia makofi. Wewe, huku huku jangwani, umepigiwa makofi na watu usiowajua.

Mwambie Baba namsubiri Juni.

Kaka yako anayejivunia,
Belkheir


El Menia, 3 Aprili

Kaka,

Barua hii usimpe Koplo.

Rafiki wa upande wa mitende hayupo. Ni mimi. Ulijua? Natamani iwe ulijua.

Ilikuwa siku ya pili ya harusi. Zoubir alikuja kuchukua nyimbo, akaona lori kwenye kioo. Akasema lori la babako linatembea kama konokono mwenye mimba. Nikasema, kaa hapo nikuonyeshe. Nikaliondoa kwenye tangi, nikalipandisha kwenye matuta kwa mwendo ambao Baba hakuwahi kwenda hata akiwa kijana. Kwenye tuta la tatu likabiringika. Kiriba kikapasuka. Dereva akatoka dirishani, akaanza kutembea kurudi kwenye tangi.

Kaka, tulicheka. Alikuwa anayumba, anaweka mkono mbele kama anayetafuta ukuta gizani, na Zoubir alikuwa anamwiga chumbani, nami nikacheka mpaka nikashika tumbo. Akaanguka tangi likiwa pale, mbele yake kabisa. Maandishi yakaja, mchezo ukafuta. Hapo Zoubir akakumbuka anaitwa kwao.

Nikasema si kitu, flashi ipo. Nikaichomeka. Na mkono huu huu, ambao kila Ijumaa ulifanya njia moja tu, kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye flashi, ukafanya ile ile. Ikauliza, nibadilishe? Nikabonyeza ndiyo. Nilipoinua kidole nilishajua. Nakala zako za tarehe nilikuwa nimezifuta kwa ajili ya nyimbo za harusi ya watu.

Halafu nikafanya jingine. Baba alikuwa bado Ouargla. Nikaanza kutoka kisima cha kwanza. Sikwenda popote, nilikuwa natoka mezani kula tu. Nikapata lori, nikalipaka kijani, nikaligonga kwenye jiwe kusudi taa ya kushoto ivunjike, nikanunua kiriba, nikalifikisha kwenye tangi, nikaliegesha vile vile. Hata mimi mwenyewe nilikuwa nalitazama nadanganyika. Tufani ni ya uongo. Kikombe cha maji ni cha uongo. Baba tangu arudi anakaa mbele yake kidogo, anakunywa chai, anainuka. Hajaliondoa hata hatua. Anasema anakusubiri wewe.

Kilemba kimefika. Nimekiweka mbele yake, nikamsomea majina yote. Nilipofika jina la Koplo nikapangusa pua, nikasema ni mafua.

Usimwambie. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya.

Hamouda


Kambini, 12 Aprili

Hamouda,

Umeandika "usimpe Koplo". Sikumpa. Barua zako siku hizi nafungua mwenyewe mbele ya watu, nasoma mimi, kwa sababu najivuna. Nilisimama katikati ya bweni, nikasoma kwa sauti, "Barua hii usimpe Koplo." Watu wakacheka sana, wakadhani ni mzaha wako. Nikacheka nami. Nikasoma mstari wa pili. Nikasoma wa tatu. Hapo karatasi nikaishusha.

Koplo akasema, "Kunja, Belkheir. Ni ya nyumbani hiyo." Wakatoka mmoja mmoja, hata walio kitandani. Nikabaki na vitanda.

Yule wa Biskra ameniuliza leo, kwa adabu, kama upepo wa tairi ulishushwa kweli au hapana. Nimemwambia hapana. Akasema, "Si kitu." Mtu akikwambia si kitu na uso umeinama, bora angekupiga kofi.

Mimi sitamwambia Baba. Utamwambia wewe. Barua yangu ya pili nitamwandikia yeye, na atampa mtu amsomee. Kabla haijafika awe ameshasikia kwako.

Belkheir


El Menia, 22 Aprili

Kwa mwanangu Belkheir,

Baba yako ndiye anayesema. Anayeandika ni Hamouda, kwa sababu mimi nasoma barabara, sisomi karatasi. Nimemwambia aandike kila neno nitakalosema, asipunguze, asitie chumvi.

Mguu wangu mzuri. Mama yako anakusalimu. Mbuzi amezaa.

Nakupa habari za lori. Siku niliyorudi kutoka Ouargla niliwashiwa, nikaliona. Rangi ile ile, taa ile ile. Kazi nzuri. Nikatazama chini. Mimi pale kwenye tangi nimekwenda na kurudi tangu kiangazi, na kila mara nimezunguka mara tatu. Wewe unajua, duara lilikuwa limechimbika. Siku ile mchanga ulikuwa safi kama shuka jipya. Lori limefika mara moja tu, likaegeshwa. Aliyelileta hakuzunguka.

(Kaka, hapa kalamu ilisimama. Baba akasema, "Mbona husikiki ukikwaruza? Andika." Naandika.)

Basi nikajua lori langu limekufa, na hili ni mgeni aliyevaa nguo zake. Nikaomba chai ili nipate la kufanya na mikono. Sikusema. Nilisema moyoni, huyu kijana amejenga lori zima kukwepa sentensi moja. Ameona kuvuka jangwa ni rahisi kuliko kuvuka sebule. Nikawa namsubiri avuke. Kila siku nakaa pale, nanywa chai, nampa nafasi. Ananiletea sukari ambayo nimekatazwa, ananisifia lori, anatoka.

Nikaona haya, Belkheir. Nilijiuliza mimi nimekuwa baba wa namna gani hata mwanangu aniogope hivyo. Utingo wangu alipasua tairi mbili siku moja, akaja akaniambia na spana mkononi, nikamtukana, tukala. Huyu wa damu yangu hakuja.

(Nimemwambia, "Baba, nitaandika baadaye, mkono umechoka." Akasema, "Mkono uliovunja taa kusudi hauchoki kwa kalamu.")

Kilemba cha vijana nimekipokea. Sikukivaa. Wamekishona kwa ajili ya safari ambayo haikuwapo. Waambie kiko juu ya kabati, na nitakivaa nikifika baharini, kama nitafika. Waambie nawaomba radhi kwa ajili ya nyumba yangu.

Sasa nimenyamaza. Nimemwambia Hamouda sehemu iliyobaki ya karatasi ni yake, aandike, na kila neno analoandika alitamke nisikie.

Mimi Hamouda. Niliendesha lori la Baba bila ruhusa. Nilimwua dereva wake kwa kiu, na nilicheka. Nilifuta nakala. Nilitengeneza la uongo nikamwambia ni lake. Nilisikia akisema umelitunza, nikasema mimi tena. Nimesema yote kwa sauti. Baba yuko upande wa pili wa sebule. Amesema, "Vuka."

Nimevuka.


El Menia, 9 Mei

Kaka Belkheir,

Najua bado umenikasirikia, na una haki. Andika ukitaka, usiandike ukitaka.

Baba amelikataa lile lori la kijani. Aliniuliza folda yake inaitwaje, nikasema BABA. Akasema, "Badilisha. Nani alilitoa kisimani? Liite jina la mwenyewe." Kwa hiyo sasa linaitwa HAMOUDA, na kila nikiwasha kompyuta naliona. Hakulifuta. Ningefurahi angelifuta.

Yeye ameanza upya kutoka kisima cha kwanza, na gari bovu, milango miwili ya rangi mbili. Mimi ndiye utingo. Kazi ya utingo ni kukaa pembeni, kutazama kipimo cha joto la injini, kukumbuka maji, na kufunga mdomo. La mwisho ndilo gumu. Jana nilisema, "Baba, kata kulia hapa, mimi nilipita." Akasema, "Najua ulipita." Nikaangalia kipimo cha joto.

Ijumaa nanakili yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Ananiuliza, "Inatoka wapi?" Nasema, ndani ya kompyuta. "Inakwenda wapi?" Kwenye flashi. "Tarehe?" Naandika tarehe. "Ya wiki iliyopita iko wapi?" Hii hapa, Baba. Ananiuliza kama mtoto wa darasa la kwanza, na Zoubir akiwa mlangoni anasikia. Nyimbo za harusi nimezifuta zote.

Leo tumefika kwenye tangi. Hatukutegemea kufika kabla ya Juni, ila Baba amenyoosha safari hii, hakupumzika sana. Mchanga ulikuwa safi. Akasimamisha lori, akainuka kwenye kiti, akashika mguu wake, akaniambia, "Kaa. Zunguka."

Nikasema, "Mimi, Baba?" Akasema, "Kwani kuna mwingine humu?"

Nikashika usukani, Kaka. Nikazunguka polepole, polepole kuliko yeye, konokono angenipita. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Macho yangu yalikuwa pale mahali, upande wa matuta, ambapo yule mtu alianguka na mkono wake mbele. Hamna kitu pale, mchezo hauweki kitu. Nilikuwa napatazama, nikapitiliza hesabu, nikajikuta nazunguka tena. Nikashtuka, nikakanyaga breki, nikasema, "Samahani Baba, nimekosea, hii ya nne."

Alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti, si kwangu, kwenye kiti.

"Hukukosea," akasema. "Tatu za walii. Hiyo ni ya yule uliyemcheka. Malizia."

Nikamalizia.

Hamouda